Shangazi Kwapani

Kidonge alianza kukisoma akiwa amesimama, begi la shule bado mgongoni, na alipokumbuka kuketi alikuwa ameshazipita sura mbili. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilikuwa kimepita mikono mingi mpaka kikavuliwa nguo, na msichana fulani mwenye huruma alikuwa amekivika karatasi ya kalenda ya zamani, yenye picha ya maporomoko ya maji, akaibana kwa gundi. Ukurasa wa jina ulikuwa umekwenda na jalada. Shuleni walikiita tu "kile cha maporomoko", na waliokisubiri walijuana kama wanaosubiri bombani: fulani yuko mbele yangu, fulani yuko nyuma yangu, na ole wake atakayekaa nacho kupita wiki.

"Mwaka ule miguu yangu ilikua bila kuniuliza." Hivyo ndivyo kilivyoanza.

Kidonge aliitazama miguu yake mwenyewe, ilivyochomoza kwenye sketi kama miti ya bendera, akahisi mtu amemgusa begani. Alikuwa amezaliwa mdogo na mwenye uso wa uchungu, mama yake akasema huyu si mtoto, huyu ni kidonge, tutammeza hivyohivyo. Jina likamganda. Sasa alikuwa amempita mama yake kwa kichwa kizima, lakini nyumbani bado alikuwa Kidonge, na kila alipoitwa hivyo mbele za watu alitamani ardhi ipasuke.

Msichana wa kitabuni naye alikuwa na la kwake. Alikuwa na chunusi moja puani aliyoipa cheo cha mkuu wa mkoa. Alikuwa akijinusa makwapa kila baada ya kipindi. Aliwahi kucheka shule nzima ikiwa kimya, kisha akajifanya anakohoa, na kikohozi cha uongo kikageuka cha kweli mpaka akatolewa nje. Alimpenda rafiki yake asubuhi, akamchukia mchana, jioni akamsukia bangili. Kidonge alisoma akikoroga chungu, chungu kikaungua. Alisoma akipiga mswaki, povu likamwagikia kwenye maporomoko ya maji. Alicheka peke yake chooni hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kama yuko salama.

Kesho yake alimkamata rafiki yake mlangoni mwa darasa. Rafiki huyo waliyemwita Miwani, kwa sababu zinazoonekana, ndiye aliyemwazima kitabu.

"Aliyeandika hiki anakaa mtaa gani?"

"Nitajuaje? Ya nini?"

"Kwa sababu amelala chini ya kitanda changu mwaka mzima, akisikiliza."

Miwani akacheka. "Jipange mstari, mwenzangu. Aliyekisoma kabla yangu anasema kaandikwa yeye. Mimi nilipokisoma nilidhani mama yangu ndiye aliyetoa siri zangu."

Kuna umri ambao mtu hutembea kana kwamba barabara yote imekuja kumtazama yeye. Muuza karanga anamtazama, mbuzi anamtazama, hata madirisha yana macho. Ni umri wa upweke mkubwa kuliko wa uzeeni, maana mzee anajua wenzake wapo, wamelala tu. Kijana hajui. Anadhani Mungu alimfanya peke yake kwa kosa. Kisha siku moja anafungua kitabu kilichotoka jalada na kumkuta mwingine humo, ana aibu zilezile, amezipanga vilevile, na anazicheka. Kidonge alikuwa na furaha ya aina hiyo, furaha inayotaka kukimbia ngazi.

Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hakulitarajia kulikuta humo.

Mama yake alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya lami, katikati ya fundi simu na duka la mapazia: viti viwili, beseni la kuoshea lenye shingo ya kulaza kichwa, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na kuzibwa kwa utepe wa plasta, na draya moja ya kofia, ya kukaushia nywele, iliyonguruma kama mgonjwa wa kifua. Dirishani kilikaa kichwa cha sanamu, cha plastiki, chenye kope ndefu na tabasamu la mtu anayejua habari zako. Walimwita Shangazi. Kila jioni mama alimbeba Shangazi kwapani hadi nyumbani, kwa sababu ni juu ya kichwa hicho alikofumia mawigi ya wateja baada ya chakula, na kila asubuhi alimrudisha dirishani amevaa nywele mpya.

Mwanzoni mwa mwaka, Kidonge alipohamia shule mpya, alikuwa akirudi nyumbani na wasichana wa darasani, Miwani akiwa mmoja wao. Walipofika kona ya duka la vitabu na kalamu, mama yake alitokea upande wa pili, mikono ina madoa ya rangi ya nywele hadi viwikoni, Shangazi kwapani na wigi jekundu limemwangukia usoni.

"Kidonge," aliita. "Kidonge wangu, ngoja."

Wasichana waligeuka. Mmoja akacheka, si kwa ubaya, nani asingecheka akimwona mtu amekumbatia kichwa njiani. Miwani akauliza, "Anakuita wewe?"

"Simjui," Kidonge alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Labda amenifananisha."

Mama alikuwa ameshafika hatua chache. Alisimama. Alimtazama mwanawe kidogo tu, kama mtu anayepima nywele kwa jicho kabla ya kuzigawa, kisha akamhamishia Shangazi kwapa la pili.

"Samahani, wanangu," alisema kwa ile sauti aliyowatunzia wateja wageni. "Macho haya yamezeeka. Nimemfananisha." Akapita.

Jioni ile alipakua chakula kama kawaida. Hakusema neno, si siku ile wala siku nyingine. Laiti angegomba. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Kidonge alitembea na mwiba wake miezi, akiukanyagia kwa ubavu wa mguu ili usiingie zaidi. Mara kadhaa alifungua kinywa aseme. Kila mara yalitoka maneno mengine: mama, chumvi imekwisha, mama, kesho nina mtihani.

Jumamosi alikuwa akimsaidia mama saluni. Jumamosi ile kiti cha kwanza kilikuwa na karani wa mahakama, mwanamke mnene mwenye shingo ya kukaa wima ambaye kazi yake ilikuwa kuwasomea watu ushahidi wao kwa sauti ili waweke sahihi. Alitaka mistari ya kupanda, ianzie pembeni kote, ikutane utosini, ifungwe fundo moja. Jumatatu kulikuwa na jaji mpya, na alitaka jaji huyo amkute amekamilika. Mama alisuka upande wa kulia, Kidonge akapewa wa kushoto.

"Huyu mtoto anatabasamu na nani?" karani aliuliza kioo.

"Na kitabu," alisema Redio, binti wa mama mdogo, aliyekaa kwenye benchi akichambua mafungu ya nywele bandia. Aliitwa Redio kwa kuwa hazimwi. "Anti, tangu juzi anaongea nacho. Jana nimemsikia anakijibu."

"Basi kilete tukisikie sote. Kusukwa bila hadithi ni adhabu."

Hivyo ndivyo utaratibu ulivyoanza. Kitabu kiliwekwa juu ya taulo mapajani mwa karani, naye akakishika kimefunguka. Kidonge alisimama nyuma, vidole vikisuka, macho yakisoma juu ya bega lake. Kila ukurasa ulipokwisha, alivuta kidogo sana unywele wa nyuma ya sikio, karani akajua, akafungua.

Walifika mbali. Mkuu wa mkoa wa puani alitumbuliwa, Redio akagaagaa. Rafiki mpendwa alichukiwa. Mteja mwingine aliingia akapakwa dawa ya kulainisha, akasema apakwe taratibu asipitwe. Kidonge alikuwa akisoma kwa sauti zote, ya mwalimu kupitia puani, ya msichana kwa pumzi, na chumba kilimfuata kama kundi linavyofuata ngoma. Alijihisi mrefu, na kwa mara ya kwanza urefu ule ulikuwa mzuri. Hata mama, aliyekuwa hapendi watu kucheka wakati wa kazi kwa sababu kichwa kinatikisika, alisimama mara mbili kujifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Kisha dawa ya yule mteja ikaiva. Dawa haisubiri mtu, ikizidi, inachoma. Mama alimpeleka beseni, akafungua maji, akamwacha Kidonge na kichwa cha karani.

Ukurasa uliofuata ulianza na gari la taka.

Baba wa msichana wa kitabuni alikuwa mzoa taka. Hilo walikwisha kulijua. Jicho la Kidonge lilitangulia, kama kawaida ya jicho, likateremka mistari mitano, likagota. 

"Hapa..." alisema. "Hapa anaeleza barabara tu. Tuvuke." Akavuta unywele wa nyuma ya sikio.

Karani hakufungua.

"Ngoja. Mbona unaruka? Miaka yote hii mimi nasoma ushahidi, na siku zote panaporukwa ndipo palipo na kesi." Akakiinua kitabu karibu na macho, akakohoa, na kwa sauti ileile ya mahakamani, isiyopanda wala kushuka, akasoma:

"'Gari lilikata kona. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja umeshika chuma, wa pili unanipungia. Aliniita kwa jina langu la nyumbani. Marafiki zangu waliziba pua. Nami nikaziba pua. Baba alipoona hivyo, aliushusha mkono wake, akageukia upande wa pili, kama mtu aliyekuwa akifukuza nzi.'"

Maji kwenye beseni yalinyamaza. Kidonge hakugeuka. Aliona kiooni mgongo wa mama, umeinama, mkono juu ya bomba lililofungwa.

"Nyoka wa kufugwa huyo," alisema Redio. "Baba mzazi?"

"Mshitakiwa ana la kujibu," alisema karani.

"Ni mtoto," sauti ya mama ilisema kutoka kule beseni. "Msimhukumu mkakosa atakayekuja kuwasukeni." Akafungua maji tena.

Karani aliendelea kusoma, sasa akiifurahia kazi. Kidonge hakusikia tena. Alikuwa kwenye kona ya duka la vitabu na kalamu, wigi jekundu likienda mbali. Vidole viliendelea peke yao. Na vidole vikiachwa peke yao hurudi vilikofundishwa kwanza: vilisuka ile mistari ya kwanza kabisa aliyofunzwa na mama akiwa mdogo, juu ya kichwa cha Shangazi, mistari iliyonyooka kurudi nyuma hadi kisogoni. Vilisuka vizuri, kwa kukaza, na kwa kasi ambayo Kidonge hakuwahi kuifikia.

Redio ndiye aliyeinua macho. Alinyamaza, jambo ambalo lenyewe lilimshtua kila mtu.

"Anti," alisema hatimaye, "usitikisike. Kulia unakwenda kazini. Kushoto unarudi nyumbani."

Karani alikiacha kitabu, akatazama kioo. Upande mmoja wa kichwa chake ulipanda mlima, wa pili ulikuwa umeshateremka na kulala. Alitazama kulia, akatazama kushoto, taratibu, kama anayelinganisha maelezo ya mashahidi wawili wasiokutana. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko alichokitoa kilifika kwa fundi simu.

"Ningesimama mbele ya jaji nikiwa watu wawili," alisema akijishika kifua.

Mama hakucheka. Alikuja, akakausha mikono, akakichukua kitabu mapajani, akakitia kwenye droo ya taulo, akaisukuma kwa goti.

"Hiki kitapumzika humo mpaka Jumamosi ijayo. Lete kitana, tufumue."

Walifumua pamoja, mama na mwana, kila mmoja na mstari wake, vichwa vyao vikikaribiana hadi pumzi zikachanganyika. Kidonge alisubiri neno. "Legeza hapo," mama alisema. "Vuta hapo." Hayo tu. Lakini mara moja, wakifumua mstari uleule kutoka ncha mbili, vidole vyao viligusana, na mama hakuondoa vyake haraka.

Wiki ile ilikuwa ndefu kama foleni ya hospitali. Kidonge hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kurasa zile zilizobaki. Msichana wa kitabuni alikuwa amekwama palepale alipokwama yeye, kona ileile, aibu ileile, na mbele yake kulikuwa na kurasa kama sitini ambamo lazima angetoka. Akitoka yeye, na mimi nitajua mlango ulipo. Ndivyo alivyofikiri, na fikra hiyo ilimfanya aamke mapema na kula kwa haraka, kama mtu mwenye safari.

"Niambie tu anamwambiaje baba yake," alimsihi Miwani. "Sentensi moja."

"Nikikuambia nimekuibia."

"Nusu sentensi."

"Kidogo tu nitakwambia: ulie ukiwa umekaa. Na Jumatatu kiwe kwa kapteni wa netiboli, ndiye anayefuata, na ameanza kunitazama vibaya."

Jumamosi, kabla hata ya kufagia, mama alivuta droo ya taulo akampa kitabu.

"Maliza. Lakini kaa benchi. Leo vidole vyako navitaka vikiwa na akili."

Karani wa mahakama alikuwa ameshaketi, kichwa chake kizuri bado kimekamilika, mkoba mapajani.

"Mistari imelegea, dada?" mama alimuuliza.

"Imekaa. Sikuja kusukwa. Nimekuja kusikiliza hukumu."

Kidonge alifungua, akitafuta walipoishia, na kitabu kikajifungua chenyewe. Katikati ya kurasa ulilala unywele mmoja mrefu wa bandia, rangi ya zambarau iliyoiva. Aliijua rangi ile. Kila usiku wa wiki ile ilikuwa nyumbani, kichwani mwa Shangazi, kwenye wigi la mteja. Unywele haukuwekwa kwenye ukurasa wa kuziba pua. Uliwekwa mbele ya hapo, pale baba anaporudi jioni, ananawa mikono kwa sabuni, ananawa tena, anaunusa mkono, ananawa tena, kisha anauliza mlangoni kama mwanawe amekula.

Kidonge aliinua macho. Mama alikuwa amempa mgongo, akimvisha Shangazi wigi lile lile, akilichana kwa vidole.

"Tusomee basi," alisema Redio, "au na leo kuna barabara?"

Akasoma.  Msichana wa kitabuni alizunguka na aibu yake sura mbili nzima, na kila alipomkaribia baba yake alisema jambo jingine: baba, kalamu imekwisha. Kidonge alilazimika kusimama kidogo hapo, ameshika kifua, anacheka huku macho yanajaa, maana huyu mtu wa chini ya kitanda alikuwa hata chumvi ameisikia. Kisha, kurasa za mwisho, gari la taka likapiga breki, baba akaanguka, mbavu zikavunjika. Mvua ikanyesha. Msichana akakimbia kwenye mvua hadi hospitali, akaangukia shuka, akalia maneno yote. Baba akafungua macho, akatabasamu. Mwisho.

Redio alikuwa amejifunika taulo usoni. Karani alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetendewa haki.

"Hapana," alisema Kidonge.

Wakamtazama. Alikuwa amesimama, kitabu kimefungwa kifuani, uso unawaka.

"Hapana nini?" karani aliuliza. "Ameomba msamaha, amesamehewa. Kesi imefungwa."

"Kwa nini mpaka baba avunjike mbavu?"

"Asingevunjika, mtoto angesema?"

"Angesema."

"Lini?"

Kidonge alikikaza kitabu kifuani.

"Mwandishi naye ana njaa," Redio alisema kutoka ndani ya taulo. "Watu wasipolia, hawanunui."

"Lakini alikuwa anajua kila kitu," Kidonge alisema, na maneno yalimtoka yakisukumana. "Alijua chunusi, alijua kucheka, alijua hata... alijua yote, mpaka mwisho ndipo akaogopa. Ametafuta hospitali. Kama baba ni mzima, na mvua hainyeshi, na ni siku ya kawaida tu, basi hakuna njia? Mtu akae anasubiri mzazi aanguke kwenye gari?"

Hakuwahi kugombana na kitabu. Alihisi kama mtu anayegombana na rafiki anayempenda, na kadiri alivyogomba ndivyo alivyokipenda zaidi. Ilikuwa furaha ya jambo ambalo hakulijua jina.

Mama alizungumza bila kugeuka.

"Mimi nami nilipofika kwenye mbavu nilikifunga kwa hasira. Nikasema, sasa mwanamume wa watu mbavu zake zimekosa nini?"

Chumba kizima kilicheka. Karani akasema rufaa imekubaliwa. Kidonge hakucheka. Alimtazama mama kiooni, na mama, kupitia ule ufa uliozibwa kwa plasta, alimtazama pia, kisha akasema, "Nipe hilo taulo, kabla binti ya mama yako mdogo hajalimaliza."

Jumatatu jua lilikuwa kali na la kawaida. Hakukuwa na wingu. Kidonge alirudi na wasichana wa siku zote, Miwani akitembea kinyumenyume mbele yao, akimbishia Kidonge kuhusu mwisho. Wengine nao walikuwa wamekisoma, na kila mmoja alikuwa na baba wa kitabuni wa kwake. Kapteni wa netiboli, aliyekwisha kukabidhiwa kitabu, aliziba masikio, akiimba ili asisikie.

Walipofika kona ya duka la vitabu na kalamu, mama yake alitokea upande wa pili. Mikono ina madoa. Shangazi kwapani, nywele za zambarau zinapepea. Aliwaona, na Kidonge alimwona alivyowaona: hatua yake ilipungua, akaanza kuvuka aende upande mwingine wa barabara, polepole, bila kinyongo, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.

Moyo wa Kidonge uligonga mbavu, na akawaza, haya basi, mbavu zangu zipo na za mama zipo.

"Mama," aliita.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Muuza karanga aligeuka. Mbuzi aligeuka. Kidonge alikuwa ameshavuka, begi likimpiga mgongoni, miguu ile mirefu ikifanya kazi iliyoumbiwa.

Mama alisimama. Alimtazama juu hadi chini, uso mkavu kama wa jaji mpya.

"Samahani, binti," alisema. "Labda umenifananisha."

Wasichana walikuwa wamefika nyuma yao. Kidonge alihisi machozi na kicheko vinagombea mlango mmoja. Kisha akaiona pembe ya mdomo wa mama, inavyokaza, inavyoshindwa.

"Sijakufananisha," alisema. "Wewe ni mama yangu. Ni msusi. Saluni yako iko kati ya fundi simu na duka la mapazia. Na huyo kwapani ni Shangazi."

"Kumbe na Shangazi unamjua?"

"Tangu utotoni."

"Basi mbebe. Mimi kwapa hili limekufa ganzi."

Kidonge akampokea. Kilikuwa chepesi kuliko alivyokumbuka, kile kichwa, na kilikuwa na joto la mama. Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama mama, akamtazama Kidonge.

"Huyu si ndiye yule..." alianza. Akasimama. Akafikiri. Mtu anaona mawazo ya msichana yanavyopita nyuma ya vioo, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. "Ah," alisema kwa sauti ndogo. Kisha, kwa sababu alikuwa rafiki, na kwa sababu alikuwa amekisoma kitabu kilekile, akayageuza mazungumzo. "Mama, unasuka mistari ya kupanda?"

"Ya kupanda mimi," alisema mama. "Ukitaka ya kupanda na kushuka kichwa kimoja, muone Kidonge."

"Nani?" waliuliza wote pamoja.

Ardhi haikupasuka. Walilirudia jina lile, mmoja baada ya mwingine, wakilionja, wakimpima kwa macho kutoka viatu hadi nywele, na kapteni wa netiboli akacheka hadi kitabu kikamdondoka. Walitembea hivyo hadi njia panda, kundi zima, na Kidonge alikuwa amekibana kile kichwa kwapani kwa nguvu zote.

"Mama," alisema, walipobaki wawili. "Siku ile..."

"Siku ile ipi?" Mama aliongeza mwendo, mikono yake mitupu ikining'inia kwa raha. "Tembea, mwanangu. Na legeza mkono kidogo, umemziba Shangazi pua."